Paka wa Waliohama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa kuhakikisha kwamba paka mmoja haumwi. Wenzangu walichunga ng'ombe, walichota maji, wengine walibeba wadogo zao mgongoni kutwa nzima. Mimi pia nilichota maji, ila moyoni nilijua hayo ni mambo madogo. Paka akikosa kula, mama yangu aliyekuwa mbali angeshinda njaa. Na paka akifa, basi, hapo hata kufikiria sikutaka.

Nikiwasimulia ninaofanya nao kazi hapa Bariadi wananicheka. Siwalaumu. Ngoja nieleze nilivyofika huko.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Mwandoya, nchi ya pamba na ng'ombe. Mwaka ule mvua ilinyesha kidogo ikakata, malisho yakaisha, na ng'ombe wakaanza kuanguka wenyewe wakiwa wamesimama. Baba akaamua kuhamisha mifugo kwenda Katavi kama walivyofanya majirani wengi kabla yake. Angekwenda na mama, pamoja na kaka zangu wawili ambao shule ilikuwa imewashinda, au wao waliishinda, sijui niseme vipi. Mimi nilikuwa nafaulu. Ndiyo ikasemwa nibaki na Bibi, mama yake baba, nisome, nao watarudi kunichukua mambo yakitulia. Hakuna aliyesema ni lini, na mimi sikuuliza, maana nilidhani wakubwa wanajua.

Mbwa wetu Bobi alikwenda nao. Hilo halikuwa na mjadala. Mbwa ni wa mtu, alisema Bibi, anafuata miguu ya mwenye ng'ombe. Paka ni wa nyumba, hahami. Na nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja kabla watu hawajaondoka. Sijui kama Wasukuma wengine wanayo. Nimeuliza wengi, na wengi wamenishangaa. Asubuhi ile, ng'ombe wakiwa wameshatoka zizini, Bibi alimbeba paka akampitisha kwa kila anayesafiri. Kila mmoja alimega ugali, akautafuna kidogo, akautoa mdomoni na kumlisha. Baba alifanya haraka haraka, macho yake yako kwa ng'ombe. Kaka zangu walicheka sana. Mama alimlisha taratibu, kisha akamfuta paka mdomo kwa ncha ya kanga yake.

"Sasa mmebaki humu," Bibi akasema, akimpapasa paka tumbo.

Nikanyoosha mkono nami nimlishe. Bibi akaushika mkono wangu akaurudisha, si kwa ukali.

"Wewe huendi, mayu," akaniambia. "Anayebaki halishi."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana wadogo wanapowapenda. Basi wote wa nyumbani waliingia ndani ya yule paka, isipokuwa mimi na Bibi mwenyewe. Nilikuwa mdogo, lakini hesabu hiyo niliipiga palepale.

Baada ya hapo ulikuja ukimya ambao sijausahau mpaka leo. Zizi likabaki tupu, samadi ikakauka ikawa vumbi, na hata inzi walituhama. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa analima, anatwanga, anakaa mlangoni akichambua mchembe, viazi vile vilivyokaushwa, mpaka jua linazama. Simu kijijini ilikuwa moja, ya mwenye duka, na huko walikokwenda mtandao haukufika. Salamu zilikuja na watu wa malori, zikifika zimechoka, neno moja tu: wazima.

Jioni moja nilimuuliza Bibi kama anadhani wamekwishafika. Akanionyesha paka kwa kidevu. Alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, hana jina, tulimwita Nyau kama wanavyoitwa paka wote.

"Si unamwona? Kala, kashiba, kalala. Nao wamekula wamelala. Akinenepa, wamenenepa. Akiumwa, ujue huko kuna anayeumwa."

"Wakiumwa itakuwaje, Bibi?"

"Watarudi. Mtu akizidiwa anarudishwa kwao."

Alisema hivyo kama anayesema kesho tutapalilia, akaendelea na mchembe wake. Mimi sikulala mapema.

Kuanzia siku ile nikawa mlinzi. Maji ya Nyau niliyabadilisha kila asubuhi kwenye kigae chake, yasije yakaingia vijidudu. Vichwa vya furu, wale samaki wadogo wa kukausha, nilivitafuta kwa majirani, na mifupa ya kuku nilimpokonya kabla haijamkwama kooni. Kila jioni nilimkagua masikio nikitafuta kupe. Bibi alipotaka kuweka sumu ya panya ghalani, nililia mpaka akaiacha, kwa sababu panya aliyekula sumu huliwa na paka, na paka alikuwa amembeba mama. Shuleni wakaniita Mama Paka. Jina hilo liliniuma, lakini sikulikataa, maana lilikuwa na ukweli kuliko walivyojua.

Halafu likaja tangazo kwamba bwana mifugo atachanja mbwa dhidi ya kichaa, pale kwenye josho la ng'ombe. Watu wakaja na mbwa wao wamefungwa kamba za katani, wakibwekeana na kuviringishana vumbini. Mimi nikafika na kiroba nilichokitoboa matundu, ndani yake Nyau akilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mmoja akaniuliza kama paka wangu naye analinda ng'ombe.

Bwana mifugo hakucheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye buti za mpira. "Paka naye anaumwa kichaa," akawaambia, "na paka mwenye kichaa anaingia mpaka kitandani kwako. Mlete hapa, binti." Akamshika shingoni, akamchoma, kazi ikaisha.

Nyumbani Bibi alikuwa ananisubiri na wasiwasi wake. "Sasa sindano hiyo," akauliza, "na wao huko imewachoma?"

"Ndiyo, Bibi. Wote wamekingwa."

Akafikiri kidogo. "Hata baba yako? Anaogopa sindano huyo." Akacheka, na mimi nikacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tulicheka pamoja tangu waondoke.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa mlinzi mwema moyoni muda wote. Lile neno la Bibi lilikuwa limeniingia. Wakiumwa watarudi. Kuna siku nilimtazama Nyau akila na nikawaza: je, akiumwa kidogo tu? Si sana. Homa ndogo, ya kumfanya mama apande lori na kuja kulala nyumbani, nimletee uji, nimkande miguu. Nilijua nikimnyima chakula siku mbili tatu atakonda. Sikumnyima hata siku moja. Ila wazo lilikuwepo, lilikuwa linakaa nami kwenye mkeka tukiwa wawili, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Msimu wa kupulizia pamba ukafika. Baba mdogo Masanja, mdogo wake baba, alikaa ng'ambo ya mashamba na ndiye aliyekuwa akitusaidia kazi nzito. Alikuwa mtu mkarimu, mcheshi, asiyeweza kuona shida akaipita. Siku hiyo mimi nikiwa shule, alimaliza kupulizia shamba letu, akaja kunywa maji kwa Bibi, akamkuta Nyau anajikuna. Viroboto. Kwenye bomba kulikuwa na dawa imebaki. Akalowesha kitambaa akampaka paka mwili mzima, mgongo, tumbo, mpaka mkia. Mbwa wake mwenyewe alikuwa akimwogesha hivyo kila mwaka, na watu wengi kwetu walifanya hivyo, kwa sababu dawa inayoua wadudu wa pamba mtu anaona itaua wadudu wote. Bibi alimshukuru. Akaondoka amefurahi.

Niliporudi nilimkuta Nyau jikoni amelala ubavu. Udenda ulikuwa unamtoka mfululizo, mwili unatetemeka, na akijaribu kusimama miguu ya nyuma inaachana. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo sana. Bibi alikuwa amepiga magoti na kikombe cha maziwa mkononi, analia bila sauti. Baba mdogo alikuwa amerudi kuchukua bomba lake, amesimama pale hajui pa kuweka mikono.

"Ni paka tu, Minza," akaniambia. "Usilie. Nitakuletea mwingine, mzuri kuliko huyu."

Bibi hakumsikia. Alikuwa anamtazama paka na kusema, kwanza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili kana kwamba anataka nielewe vizuri: "Huko kumeharibika. Watarudi hawa. Sasa watarudi."

Nilisimama mlangoni na madaftari yangu, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona lori, nikaona mama anashushwa, nikaona kanga yake. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kukaa chini tu na kusubiri, na hakuna mtu ambaye angenilaumu, kwa sababu hakuna aliyenituma kufanya chochote. Nyau akajaribu kusimama tena. Miguu ikaachana, akaangukia kidevu. Hapo nikamwona mama naye yuko Katavi, porini, anajaribu kusimama, kaka zangu hawajui la kufanya, baba yuko na ng'ombe. Nikatupa madaftari nikakimbia.

Ilikuwa siku ya kuogesha ng'ombe, kwa hiyo nilijua bwana mifugo yuko joshoni. Nilimkuta amelowa, anamfokea fahali aliyegoma kuingia. Nilimshika mkono, kitu ambacho mtoto wa kwetu hafanyi kwa mtu mzima.

"Paka amepakwa dawa ya pamba," nikasema.

"Amepakwa au amekula?"

"Amepakwa."

"Basi anajilamba, na akijilamba anakula. Rudi mbio. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia, msugue mpaka harufu iishe. Mmwage maji hayo mbali na kuku. Mfunge kwa nguo kavu asijilambe. Na mwambie bibi yako asimpe maziwa. Maziwa si dawa ya sumu. Nakuja na sindano nikimaliza hawa."

Nikarudi nikikimbia. Baba mdogo alichemsha maji, nadhani kwa sababu alitaka kuwa na kitu cha kufanya. Bibi alimshika Nyau kichwa kwa kanga, mimi nikamsugua kwa kipande cha sabuni ya mche. Alinikwaruza mpaka damu ikatoka, na nikashukuru, maana paka anayekufa hakwaruzi hivyo. Tulimwaga maji, tukaanza upya, tukamwaga tena. Bibi alikuwa akitaja majina yao kwa sauti ya chini, mmoja mmoja: jina la baba, la kaka yangu mkubwa, la mdogo wake. Alipofika kwa mama nilisugua taratibu, nisimwumize.

Bwana mifugo alifika na pikipiki jua likiwa limeinama. Akamnusa Nyau, akaniambia nimeosha vizuri, akamchoma sindano. Akamgeukia baba mdogo na kumwambia kwamba dawa ya pamba ni ya pamba, hata mbwa wake akome kumwogesha nayo, kwa sababu mbwa ni mkubwa tu ndiyo maana hajafa, na paka mwili wake hauwezi. Baba mdogo akaitikia, "Sawa, mtaalamu," kama mwanafunzi. Tangu siku hiyo hakuja kwetu bila vichwa vya furu mfukoni, na shati lake lote likawa linanuka samaki.

Kesho yake mchana Nyau aliinua kichwa, akanywa maji kwenye kigae. Bibi akapiga vigelegele peke yake pale jikoni. Nilianza kulia, akanikumbatia akasema ndiyo, mayu, lia, wamepona wote. Sikumweleza. Nililia kwa sababu Nyau amepona, na kwa sababu, akiwa amepona, hakuna atakayekuja.

Na hawakuja. Salamu zilizofuata zilisema ng'ombe wamezaa sana, wanalima mpunga, wote wazima. Nyau akanenepa, manyoya yakang'aa, akawa anatembea uani kama mwenyekiti wa kijiji. Bibi alikuwa akimtazama na kutabasamu. Mimi nikamaliza darasa la nne, la tano, la sita. Niliendelea kumkagua masikio. Kila mwaka nilimpeleka joshoni ndani ya kiroba, na watu wakazoea, wengine wakaanza kuleta paka wao.

Mama alikuja nikiwa kidato cha pili, aliposikia Bibi haoni vizuri. Alishuka kwenye basi barabarani akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wote wamezaliwa huko, hawanijui. Alikuwa amenawiri. Mashavu yamejaa, mikono minene, ngozi nyororo, mwanamke ambaye ungesema hajawahi kulala na shida. Nilikuwa nimemzidi urefu. Alinishika uso akasema, "Minza, mbona umekonda hivi?" na mimi nikampokea yule mtoto wa mkononi.

Kesho yake asubuhi, tukiwa tunaosha vyombo, nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo. Nilijitahidi lisikike la kawaida.

"Mama, mbona hamkuwahi kurudi?"

Akashangaa kweli kweli. Sikuona aibu usoni mwake wala hila. "Tungerudi kwa lipi, mwanangu? Tulikuwa wazima. Hata kuumwa kichwa hatukuumwa. Mungu alitulinda sana kule." Akasuuza sufuria, akaongeza, "Na wewe pia walituambia uko mzima."

Nikasema ndiyo, nilikuwa mzima. Baada ya siku chache akaondoka na watoto wake.

Nyau alikufa kwa uzee nikiwa kidato cha nne. Nilisubiri habari mbaya kwa wiki nzima, na huko hakuna hata aliyepiga chafya. Bibi alisema wameshazoea kule, hawamhitaji tena. Naye akafuata baada ya muda si mrefu, na nikahamia mjini.

Sasa nina vyumba viwili vya kupanga hapa Bariadi, paka mmoja na mbwa mmoja. Majirani wananiona mtu wa ajabu kidogo. Chanjo za wanyama hawa hazipitwi na tarehe, maji yao ni safi, na kijana wa kupulizia dawa ya mbu akibisha hodi huwa nawatoa kwanza hao ndipo aingie. Ofisini wananitania kwamba nikiolewa mume atahitaji kuchanjwa. Sijawahi kumpa mnyama wangu yeyote ugali wa mtu anayesafiri. Siamini mambo hayo, au tuseme siyaamini mchana.

Nimemfikiria Bibi mara nyingi. Zamani nilimkasirikia kwa kumtwika mtoto mdogo uzima wa watu wanne. Siku hizi naona kwamba hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Mwanawe na wajukuu wamekwenda, nyumba imenyamaza, na mbele yake kuna mtoto anayeuliza wamefika wapi. Akanipa kitu chenye joto cha kushika, akaniambia ndio hawa. Sina ugomvi naye.

Kinachonisumbua ni kingine. Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilikimbia joshoni kwa upendo. Nilikuwa nampenda mama, hilo ni kweli. Lakini mwaka jana nililazwa kwa taifodi hospitalini hapa mjini, dripu mkononi, na simu ikaita. Alikuwa mama. Siku hizi mtandao unafika.

"Mhola?" akaniuliza. Ndivyo tunavyojuliana hali kwa Kisukuma.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: naumwa. Basi la kutoka Mpanda, huko kwao Katavi, lipo, na nauli ningemtumia. Chumba kizima kilikuwa na wagonjwa walio na watu wao pembeni, wanawapepea, wanawalisha uji.

"Mhola duhu, mayu," nikajibu. Mzima kabisa.

"Haya, tumshukuru Mungu," akasema, akaniambia habari za mpunga, akakata.

Nililala nikiitazama dari, nikajua kwa nini nilikimbia siku ile na madaftari yakabaki chini. Niliogopa mama asije akafa, ndiyo. Ila niliogopa zaidi paka aumwe, siku zipite, lori lipite, na mama asije hata hivyo.